Mashini ya Chama: Namna Tulivyoinunua na Namna Tunavyoishi Nayo

Maneno ya tume ya ununuzi mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa ndugu na wafadhili wetu walio mbali.



Sisi tunaosimama hapa ni watu watatu. Mlitutuma kununua kompyuta ya chama, na feza mlitupa mkononi. Tangu pale maneno yamekuwa mengi. Kuko wanaosema tulikula ile feza ya kwanza. Kuko wanaouliza kwa nini chama kimenunua mashini mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Wengine wako Marekani na Kanada, walitoa mchango wao kwa jasho, na wao pia wanauliza. Maswali hayo ni ya haki. Leo tumekuja kuyajibu, na mwishoni tutasoma hesabu yote, hata ile inayotuletea haya.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sisi tuliokulia kambini Nyarugusu na Lugufu tunasema laptopu. Wale waliobaki hapa Baraka wanasema ordinatere. Mkutano huu tutasema tu mashini, na kila mtu ataelewa.

Kwa nini tuliitaka? Mnakumbuka namna tulivyokuwa tunafanya. Michango yote iko kwenye madaftari matatu. Orodha ya familia, nani alirudi mwaka gani, watoto wangapi walizaliwa upande wa Tanzania na bado hawana karatasi za huku, hiyo iko kwenye faili lingine. Tukitaka kuandika barua kwa wafadhili au kwa biro ya serikali, tunaenda sekretaria ya mjini, tunalipa kwa kila ukurasa. Kiisha barua yetu inabaki ndani ya mashini ya mtu mwingine, na majina ya watoto wetu yanasomwa na kila anayeingia kupiga fotokopi. Mliona hiyo haifai. Sisi pia tuliona haifai.

Basi tukapewa dola 180. Hapa ndipo kosa letu linapoanza.

Tulikutana na mtu msafiri anayeuza mashini za okazioni. Mashini ilikuwa inang'aa, imefutwa vizuri, imebandikwa karatasi ya plastiki juu kama kitu kipya. Akaiwasha, ikawaka. Akatufungulia ukurasa wa kuandikia, tukaandika jina la chama, tukafurahi. Tulikaa naye labda robo saa. Hatukuuliza betri, hatukuangalia ndani, hatukuomba karatasi ya mauzo. Tuliogopa mtu mwingine asije akaichukua. Tukalipa, tukarudi tukiimba.

Wiki ya kwanza tuliona betri inashika dakika ishirini tu. Tukasema si kitu, tuko na sola. Lakini ofisini kwetu hakuna waya wa SNEL, na sola yetu wakati wa mvua inachoka mapema. Umeme ukikatika, mashini inazimika hapohapo, katikati ya kazi. Mashini haipendi hivyo. Ndani yake kulikuwa disiki ya zamani, ile inayozunguka kama sahani, na ilikuwa imeshachoka hata kabla hatujainunua. Wiki ya tano umeme ukakatika mara mbili siku moja. Tulipowasha tena, Windows haikufunguka.

Tukaita kijana fundi. Akataka kuiwasha kwa flashi ili aitengeneze. Mashini ikamwomba neno la siri. Si neno letu, hapana. Ni neno lililowekwa kwenye BIOS, yaani ile programu ya chini kabisa inayoamka kabla ya Windows, na liliwekwa na kampuni iliyokuwa na mashini hiyo kwanza, huko Ulaya. Bila neno hilo, mashini haikubali kuwashwa kwa flashi wala kubadilishwa mpango wake. Tukampigia muuzaji. Simu haikupatikana mpaka leo. Fundi akatosha disiki, akaifunga kwenye mashini nyingine, akaokoa barua chache. Orodha ya michango ya wiki tano haikupatikana.

Sasa sikieni namna jambo hili lilivyotaka kutuletea aibu kubwa. Ndani ya wiki hizo, mama mmoja wa chama chetu alikuwa amelipa deni lake la miezi minne. Siku chache baadaye mume wake akafariki. Mnajua kanuni yetu: mwenye deni la kupita miezi mitatu hapati msaada wa msiba. Kwenye madaftari ya zamani, mama huyu alikuwa bado na deni. Malipo yake sisi tulikuwa tumeyaandika kwenye mashini tu, na mashini imekufa. Wengine kwenye kamati walianza kusema, tutajuaje kama alilipa kweli? Mjane amekaa pale kwenye mkeka, na sisi tunazungumza juu ya disiki.

Aliyetuokoa ni mama mweka hazina. Siku tulipoleta mashini, tulimwambia aache kuandika kwa mkono, akatujibu: "Ninyi muandike kwenye mashini. Mimi daftari yangu siiachi." Tulimcheka kidogo, tunasema ukweli. Siku ya msiba alifungua daftari yake, na malipo ya yule mama yalikuwa pale, na tarehe, na alama ya kidole. Msaada ulitoka siku ileile. Tunaomba msamaha kwa mama mweka hazina mbele yenu wote, na kwa mjane vilevile.

Baada ya hapo kamati ilitupa nafasi ya pili. Tulianza kwa kuuliza wanaojua, na tumejifunza mambo ambayo tunataka kila mtu hapa ayajue, maana vijana wetu wengi nao wanatafuta mashini za masomo.

Mashini hizi zinatoka wapi? Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yanakodisha mashini kwa wafanyakazi wao, miaka mitatu au minne, kiisha yanazirudisha zote pamoja na kuchukua mpya. Zile za zamani zinauzwa kwa mafundi. Fundi mzuri anafuta kila kitu cha mwenye kwanza, anapima betri, anabadilisha kilichochoka, anasafisha, ndipo anauza. Hiyo ndiyo mashini iliyotengenezwa upya. Lakini nyingine zinapita bila kuguswa, zinapanguswa vumbi tu. Kwa macho zote mbili zinafanana. Sisi ya kwanza ilikuwa ya kupanguswa vumbi.

Na kwa nini mashini ya kazi ya ofisi, na si ile nyembamba ya dukani ambayo bei yake inafanana? Kwa sababu ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP zimejengwa ili zitengenezwe. Nyingi unafungua kwa bisibisi, unabadilisha disiki, unabadilisha betri, na kwa nyingi unaongeza memori. Vipuri vyake viko vingi sokoni, maana mashini zenyewe zilitolewa nyingi sana. Kwetu hapa, ambapo njia ya Uvira ikikatika kwa mvua tunakaa bila mzigo, kitu kinachotengenezeka ni bora kuliko kitu kizuri.

Tulichagua ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018. Sababu ya kwanza ni umri wa kichwa chake. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida haikubali kichwa cha Intel kilicho chini ya kizazi cha 8. Namna ya kujua ni rahisi: soma jina lake. Ikiandikwa i5-8350U, ile 8 ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiandikwa i5-7300U, ni kizazi cha 7, na muuzaji akikuambia ni sawasawa, mwache. Ikianza na 10 au 11, ni mpya zaidi, na bei itapanda. Sababu ya pili ni betri. T480 iko na betri mbili, moja ndani na moja nje. Ile ya nje unaweza kuitosha na kuweka nyingine bila kuzima mashini.

Mmoja wetu alikuwa anaenda Kigoma kusalimia ukoo wake. Tukamtuma na orodha ya karatasi, na tukamwambia: ukikataliwa kupima, rudi na feza. Duka la kwanza walikataa, akatoka. Duka la pili walimkubalia, akakaa masaa mawili. Haya ndiyo aliyofanya.

Kwanza aliwasha na kuingia kwenye BIOS. Kwa ThinkPad unabonyeza F1 mara tu inapowaka, kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hana, shukuru na uondoke.

Pili, aliomba Windows ifutwe na kuwekwa upya mbele yake, kiisha akaifunga kwenye intaneti. Mashini nyingine bado ziko kwenye kitabu cha kampuni ya kwanza. Zikipata intaneti zinaanza kuomba anwani ya mfanyakazi wa kampuni ile. Yetu haikuomba kitu.

Tatu, alipima betri. Kwenye dirisha la amri unaandika powercfg /batteryreport, na mashini inakutengenezea karatasi ya ripoti. Unatafuta namba mbili: uwezo ambao betri ilizaliwa nao, na uwezo uliobaki. Ya nje ilizaliwa na 24, imebaki 19. Ya ndani ilizaliwa na 24, imebaki 17. Jumla ni 36 kati ya 48, yaani robo tatu. Kwa kazi ya kuandika tu inatupa karibu masaa manne.

Nne, aliangalia disiki: ni SSD, isiyozunguka, ya GB 256. Memori ni GB 8, na tundu la pili liko wazi kwa siku tukipata.

Tano, alifungua ukurasa mweupe skrini nzima kutafuta madoa, akabonyeza kila herufi ya klaviye, akaweka flashi kwenye kila tundu, akafungua na kufunga kifuniko mara nyingi akisikiliza bawaba. Chaja ilikuwa ya Lenovo yenyewe, wati 65. Alitikisa waya wake kwenye tundu la USB-C, haukulegea. Kwa T480 tundu hilo liangaliwe sana, kwa sababu programu yake ya Thunderbolt ya mwanzo ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu kuchaji. Lenovo ilitoa marekebisho, na sisi tuliyaweka siku ileile.

Juu ya klaviye tunajua kuko malalamiko. Mashini za kutoka Ujerumani zina Z na Y zilizobadilishana nafasi. Wengi wenu mlijifunza kwa klaviye ya Kifaransa, ile ya AZERTY. Hii ni ya Kiingereza. Tuliikubali kwa sababu iliyobaki yote ilikuwa nzuri. Windows inaweza kubadilishwa iandike Kifaransa na alama zake zote, na tumebandika vikaratasi vya herufi juu ya vitufe. Mwenye kuzoea hii anaandika, mwenye kuzoea ile naye anaandika.

Alilipa, akapewa karatasi ya mauzo yenye namba ya mashini, na garantii ya miezi mitatu. Tusidanganyane: garantii iliyo ng'ambo ya ziwa ni garantii nusu. Ndiyo maana tulitegemea zaidi yale masaa mawili.

Sasa, namna tunavyoishi nayo. Betri yake nzuri ndiyo inatulinda: sola ikikatika, mashini inaendelea, tunaweka kazi salama na kufunga taratibu. Tunachaji mchana jua likiwa kali. Kwa programu ya Lenovo tumeiambia isipite asilimia 80 siku za kawaida, maana betri inayojazwa mpaka juu kila siku inazeeka haraka. Kukiwa na safari tunaijaza yote. Haiwekwi juu ya blanketi wala mkeka, maana inavuta hewa kwa chini, na vumbi letu mnalijua. Kila miezi sita fundi ataifungua na kusafisha feni. Klaviye ya T480 imetengenezwa ili maji yakimwagika yapite chini, lakini chai ya sukari hatutaki kuijaribu.

Intaneti tumeiwekea kizuizi, ili Windows isivute mabadiliko makubwa na kula megabaiti zote za mwezi kwa usiku mmoja. Mabadiliko ya usalama tunayachukua siku tukiwa kwenye biro yenye intaneti. Kwa kuandika na kupiga hesabu tunatumia LibreOffice, ambayo hailipiwi. Filamu hapana. Flashi ya mtu hapana, mpaka ipimwe kwanza, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Na jambo ambalo msiba ule ulitufundisha: kila Ijumaa orodha inanakiliwa kwenye flashi mbili zenye neno la siri. Moja inakaa kwa mama mweka hazina, nyingine kwa mzee mshauri, upande mwingine wa mji. Kila mwisho wa mwezi tunachapa orodha kwenye karatasi, watu watatu wanatia sahihi. Na daftari ya mkono inaendelea. Mashini ikiibwa au ikifa kesho, mchango wa mtu hautapotea tena. Maneno ya siri ya mashini yako ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mzee, ili siku mmoja wetu akiugua au akihama, chama kisibaki nje ya mlango.

Wafadhili wetu na ndugu mlio nje, neno moja kwenu. Mkitaka kututumia mashini za zamani, tutashukuru sana. Tafadhali mtoeni kwanza neno la siri la BIOS, mtoke kwenye akaunti zenu, muweke chaja ileile, na mtuandikie jina kamili la mashini kabla ya kutuma. Mashini moja inayofunguka inatusaidia kuliko tano zilizofungwa, maana zile tano tunazilipia usafiri na forodha, kiisha zinakuwa mzigo wa kutupa.

Hesabu ni hii. Mashini ya kwanza: dola 180. Chaja na memori yake tuliziuza, tukapata 25. Mashini ya pili: 230, usafiri 20, forodha na karatasi zake 15, flashi mbili 16, mfuko wa kubebea 9. Jumla 290. Katika hizo, ndugu wa nje walitoa 150, wanachama 140. Risiti zote ziko hapa mezani.

Juu ya hasara ya kwanza: hatukula feza, lakini tulizembea, na kuzembea na feza ya watu si jambo dogo. Tumekubaliana sisi watatu, kila mmoja atarudisha dola 20 ndani ya miezi sita. Hiyo ni 60. Pamoja na ile 25, ni 85. Zinabaki 95, na tunawaomba ninyi mkutano muamue: ziandikwe kama hasara ya chama, au tuendelee kulipa. Mtakalosema tutalifanya.

Mwisho, tunawakaribisha. Kila siku ya posho asubuhi, ofisi iko wazi. Njoo uketi mbele ya mashini, utaje jina lako, tukufungulie mstari wako, usome mwenyewe au usomewe, na ulinganishe na daftari. Ukikuta kosa, lisahihishwe mbele yako. Mashini hii ni ya kwenu. Tunawaomba muiangalie, na mtuangalie na sisi.